Mtaro Ulionyooka

Asubuhi ile nilikuwa napima mpaka kwa kamba ya katani na simu yangu, na nilikuwa na furaha. Sikuwahi kusomea upimaji. Nilijifunza kwa kutazama video, nikirudia mpaka vipimo vikakubali. Kijiji chetu cha wakulima, jirani na Rudewa, kilinipa kazi ya kuweka vigingi vya mtaro wa kututenga na kijiji cha wafugaji, ili ng'ombe wasiingie mashambani na majembe yasiingie malishoni. Wajumbe wa pande mbili walikaa vikao vinne, wakakubaliana mtaro ufuate safu ya mkonge iliyobaki tangu enzi za shamba la katani.

Mjumbe wetu alikuwa mjomba wangu, Athumani. Mjumbe wao alikuwa Mzee Shija. Makabila yao ni watani, na siku hiyo walikaa pembeni wakichokozana.

"Msukuma wewe, ukifa nitakuzika umeshika mkia wa ng'ombe, usije ukapotea njia."

"Utatangulia wewe. Na nitaingia kaburini mwako nilale humo, nigome kutoka mpaka wanao wanipe jogoo."

"Watakupa kifaranga."

Karibu na lambo la kunyweshea mifugo, safu ya mkonge ilipinda. Mpindo ule uliniuma macho. Mimi ni mtu wa kurudia ukurasa mzima kwa sababu ya herufi moja. Nikavuta kamba, nikanyoosha. Kwenye mpindo penyewe, tofauti ilikuwa hatua kumi na mbili. Sikumuuliza mtu. Vijana wakachimba nilipoonyesha.

Kiangazi kilipoingia, Mzee Shija alikuja nyumbani kwetu peke yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ule mkonge ulipinda kwa sababu. Waliopanda waliacha njia ya mifugo kushukia lambo. Mtaro wenu umeikata."

Nilijua papo hapo kwamba anasema kweli.

"Njoo kwenye kikao useme kigingi kilikosewa," alisema. "Nikisema mimi, wataona natetea ng'ombe wangu. Wewe watakusikia."

Nikamwonyesha simu. Nikamwambia vipimo viko sahihi.

Hakuitazama. "Simu haina kiu, mwanangu."

Sikwenda kwenye kikao; niliona aibu kukubali kosa mbele ya watu walionisifu. Hiyo ndiyo sababu. Nimetafuta nyingine kwa miaka, sijaipata.

Siku tatu baadaye wafugaji walifukia kipande cha mtaro, wakapitisha ng'ombe. Filimbi ililia kijijini. Wanaume wakatoka na mapanga.

Nilijificha ndani ya kiwanda cha katani kilichoachwa karibu na mtaro, nyuma ya mashine iliyooza. Nilichungulia kwenye tundu la bati.

Mishale ilikuwa inaruka.

Mtu alikuwa analia, akimwita mama yake.

Mjomba alishuka mtaroni. Mikono yake ilikuwa juu, mitupu. Akapaza sauti, "Shija! Mtani wangu uko wapi? Waambie vijana wako wangoje!"

Mshale ukampata chini ya shingo.

Akakaa. Kisha akalala.

Sikutoka.

Tulimzika kesho yake alasiri, upande wetu wa mtaro, askari wakiwa wamesimama barabarani. Mzee Shija alikuja mpaka ukingo wa mtaro, kofia mkononi. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Nimekuja kumzika mtani wangu," alisema.

"Rudi ulikotoka!" kijana mmoja wa kwetu alimfokea. "Mmeua, sasa mnakuja kucheka?"

Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwa mzee. Ningeweza kusema kosa lilikuwa langu, kwamba huyu alinionya. Alinitazama, akangoja. Niliinamisha kichwa.

Akavaa kofia yake, akageuka.

Sasa naishi Mikumi, napokea wageni kwenye nyumba ya kulala wageni kando ya barabara kuu. Nikitandika vitanda bado nanyoosha shuka mara tatu. Madereva wanaopita hapa, wakisikia nilikotoka, husema ugomvi ule ulikuwa wa ng'ombe. Huwa siwasahihishi. Haya ndiyo maandishi ya kwanza ambayo sikuyarudia.

Siku ile ya mazishi, tulipomaliza dua, tulifukia kaburi haraka. Hakuna mtani aliyelala ndani yake, wala hakuna aliyedai jogoo.