Nilivyomfundisha kusoma mama mkwe mtarajiwa, na kila alipokosea nikamwekea vema

Wakuu, mlionitangulia kuzaliwa shikamooni, ingawa nadhani humu tumebaki wachache. Wengine wote marahaba, hata kabla hamjatoa.

Miaka yote nakaa kimya nasoma nyuzi zenu za mama wakwe wakorofi. Leo naweka wa kwangu. Hii si chai, mhusika mkuu wa pili yuko jikoni hapa anamenya viazi na nikidanganya atanisuta.

Twende.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, Ujamaa umepamba moto. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, Mlutheri wa upande wa Vuga, milima ya Usambara. Nimemaliza shule, sina kazi, nina suruali moja nzuri.

Serikali ikatangaza kila mtu mzima ajue kusoma na kuandika. Wakatafutwa vijana wa kufundisha ngumbaru. Nikapewa mafunzo ya wiki chache na boksi la chaki, nikapelekwa kijiji cha juu kabisa, mbele ya Rangwi. Jina la kijiji naliacha, wajukuu wa wahusika wapo humu.

Kijiji kile kilikuwa misheni ya Wakatoliki tangu enzi za Mjerumani. Kanisa la mawe, zahanati ya masista, miti ya matunda ya peasi na plamsi, na ukungu unaoingia mpaka ndani ya nyumba bila kubisha hodi.

Padri alikuwa Mzungu mzee anayeongea Kishambaa kuliko mimi. Sisemi kwa utani, alikuwa ananisahihisha.

Nilimwogopa. Mimi Mlutheri, nimekuja na mambo ya serikali, nikajua atanifukuza. Badala yake akanipa ghala lao la zamani liwe darasa, na mabenchi mabovu ya kanisani. Lilinuka viazi, lakini lilikuwa na madirisha makubwa. Tulisoma saa tisa alasiri, watu wakitoka shamba la kijiji, majembe wameyaegemeza ukutani nje.

Sasa pale zahanati alikuwepo binti anaitwa Agnesi. Anawafungia watu vidonda.

Wakuu, niliumwa sana mwaka ule. Kidole leo, goti kesho.

Tukapendana. Nikaenda nyumbani, nikamwambia baba mdogo, maana baba yangu alishafariki. Baba mdogo akaandika barua ya posa kwa mwandiko wake mzuri, akaipeleka mwenyewe kwa mama yake Agnesi, ambaye naye alikuwa mjane.

Mama Agnesi akaipokea kwa mikono miwili. Akaambiwa aite ndugu amsomee. Akakataa.

"Nitaisoma mwenyewe," akasema. "Nikishaisoma nitajibu."

Baba mdogo akauliza kwa adabu, "Mama unajua kusoma?"

"Sijui. Nitajua."

Akaifunga kwenye ncha ya kanga, akaenda kuchanja kuni.

Mniruhusu nieleze sababu. Mumewe alipofariki, shemeji yake, mdogo wa marehemu, alimletea karatasi. Akamsomea kwamba ni ya kusajili watoto shuleni. Akatia dole gumba. Kumbe ilikuwa ya shamba lake la bondeni, lile la mboga, lenye maji mwaka mzima. Likaenda hivyo hivyo. Tangu siku hiyo aliapa hakuna mtu atakayemsomea karatasi tena.

Kwa hiyo kesho yake, nani kaingia darasani kwangu na daftari jipya?

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kwetu posa ikishapelekwa, yule mama tayari ni mkwe. Humtazami usoni. Humtaji jina. Mkikutana njiani unamwachia njia. Naye hivyo hivyo kwako.

Haya, mfundishe sasa.

Mama Agnesi alijifunika kanga hadi kwenye nyusi, akakaa benchi la nyuma kabisa, ubavu ubavu, uso ukutani. Nilipokuwa nazungusha watu kusoma ubaoni, nikifika kwake naruka. Daftari lake lilikuja kwangu kwa mkono wa jirani yake.

Nikalifungua. Herufi nyingine zimelala, nyingine zimegeuka, neno moja limeliwa nusu.

Nikashika kalamu nyekundu ya kusahihishia. Nimwandikie mkwe kwamba kakosa? Mimi? Niliona bora nikatwe mkono.

Nikaweka vema.

Siku iliyofuata, vema. Wiki iliyofuata, vema tupu ukurasa mzima. Miezi mitatu, wakuu. Daftari la Mama Agnesi lilikuwa limenyooka kuliko madaftari yote. Akawa anakwenda nalo kanisani Jumapili, anawaonyesha wenzake. Alifurahi sana, na mimi nikajiona kijana mwenye malezi.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Jibu la posa halikuja.

Agnesi akaniambia, "Mama kila jioni anaifungua ile barua, anaitazama, anaifunga."

Nikajua ni Padri. Nikajua kamkataza asimpe Mlutheri binti. Nikapandwa na hasira, nikamfuata bustanini alikokuwa anapogoa miti yake, nikamwambia kwa ukali wa kitoto kwamba dini isitumike kuzuia ndoa za watu.

Mzee akanitazama. Akacheka mpaka akashika tawi.

"Mimi nilishamwambia aitike," akasema. "Ananiambia bado hajasoma. Muulize mwalimu wake."

Sikuelewa. Ningekuwa na akili ningeelewa palepale.

Baada ya siku chache akaja mkaguzi kutoka Lushoto. Akapitia madaftari, akafika kwenye lile la vema tupu. Akafurahi. Akataka kumwona mwenye daftari asome mbele ya wote.

Mama Agnesi akasimama. Akaenda mbele kwa furaha kabisa, hata kanga ikashuka kidogo kichwani. Mkaguzi akaandika sentensi moja fupi kuhusu mbuzi.

Mama Agnesi akaitazama. Akaanza, akaacha. Akaanza tena.

Mkaguzi akachukua daftari, akasoma kwa makini safari hii. Akanigeukia. "Mwalimu, hizi vema umeweka za nini?"

Mama Agnesi alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu posa ipelekwe. Akalichukua daftari mkononi mwa mkaguzi, akaliweka kwenye benchi, akatoka. Nimeshaona aibu nyingine maishani, lakini ile bado inaniuma nikiikumbuka.

Mkaguzi alinisema mbele ya wanafunzi wangu, na nilistahili. Lakini aliyenimaliza ni Agnesi. Alikuja mlangoni na aproni ya zahanati, macho mekundu.

"Mama amelia," akasema. "Baba mdogo wangu alimsomea karatasi ya uongo. Wewe umemwandikia ya uongo, kila siku, miezi mitatu. Tofauti yenu ni nini?"

Nikataka kusema nilifanya kwa heshima. Lakini nikajiuliza: Yule shemeji naye si alikwenda kwake na shikamoo zote?

Alipoondoka nikachukua lile daftari, nikakaa dirishani penye mwanga. Nikaanza ukurasa wa kwanza. Vema nikaikata, nikaweka X. Pembeni nikaandika vizuri jinsi inavyotakiwa. Ukurasa kwa ukurasa mpaka nikamaliza. Lilikuwa jekundu lote.

Nikampelekea Agnesi ampe mama yake. Nilijua nimeharibu kila kitu. Kwa mila zetu nilikuwa nimemtukana mkwe kwa maandishi, tena kwa wino mwekundu. Nikafunga begi langu dogo.

Siku ya darasa Mama Agnesi akaja.

Hakwenda nyuma. Alikaa benchi la mbele kabisa, kanga ameishusha mabegani. Akasema kwa Kishambaa, kila mtu akisikia:

"Nje ya mlango huu tutaoneana haya. Humu ndani unikosoe."

Nikamkosoa. Wakuu, yule mama alikuwa anashika! Miezi mitatu nilimchelewesha mimi, si kichwa chake. Nikimwambia rudia, anarudia. Akiniona namwonea huruma ananikaripia.

Na tukitoka nje, haya inarudi. Tukikutana njiani yeye anaingia kwenye mahindi upande huu, mimi naingia kwenye maharage upande ule, njia inabaki tupu, kila mmoja anamngoja mwenzie apite. Padri alitukuta hivyo siku moja akapita katikati akitubariki, mkono kulia, mkono kushoto.

Mvua zikapita. Siku moja baba mdogo akatokea darasani, kapanda milima kutoka Vuga, viatu vimejaa tope. Akatoa karatasi kwenye mfuko wa koti. "Imeletwa kwangu kama inavyotakiwa," akasema. "Miwani nimesahau. Nisomee."

Miwani ilikuwa mfukoni, naiona kabisa.

Ilikuwa penseli, herufi kubwa zimesimama kama wanafunzi mstarini. Naikumbuka yote:

"Barua yenu nimeisoma mwenyewe mara tatu. Shamba langu lilikwenda kwa mtu aliyenificha ukweli. Mtoto wangu nampa aliyenionyesha nilipokosa. Njooni."

Nilishindwa kufika neno la mwisho. Baba mdogo akavaa miwani yake, akalimalizia yeye.

Ndoa ilifungwa kanisani kwao misheni, na baba mdogo, Mlutheri wa kutupwa, aliimba kuliko wenyeji.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa naiita heshima kumbe ni woga wangu, na gharama yake alilipa yeye. Mtu mzima mwambie ukweli, kwa adabu zote, lakini mwambie.

Agnesi kasoma hapa nyuma ya bega langu. Anasema kwenye zahanati nilikwenda na kidonda cha kweli mara moja tu, mengine yote nilijikwaruza mwenyewe. Nakubali.

Uwanja wenu wakuu. Nani humu amewahi kumnyima mkubwa wake ukweli akidhani anamstahi? Na mlioniona mjinga, msiniwekee vema.