Fundo la Ndama kwa Nyimbo za Kwaya

Karibu na soko la Nyakasanza, ndani ya nyumba ya fotokopi, mama mmoja alikumbatia nyimbo za kwaya yao, rundo la karatasi zisizoshikana. Sisi wengine tulingoja zamu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kununa.

"Tupige agrafe, pini ya chuma, mama," mwenye mashine alisema.

"Agrafe inakula karatasi."

"Basi spirale, ile waya ya kuzunguka."

"Na wimbo mupya utaingilia wapi? Miye nataka kitu inafunguka siku ya kuimba, na inakataa kufunguka siku ya kukimbia. Ile mara tulikimbia vita, nyimbo za Pasaka zilibaki njiani, moja moja, kama manyoya ya kuku."

Mwenye mashine aliizima. Mama akafumba macho, na vidole vyake vikaanza kufunga kamba ambayo haikuwapo, polepole, kama anayesuka nywele za mtoto aliyelala.

"Fundo ya ndama," alisema, macho bado yamefumbwa. "Ukivuta huku, inaachia. Ndama akivuta kule, inakaza."

Karatasi zikatobolewa pembeni. Mama akapitisha ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, akafunga, akatikisa. Haikuanguka hata moja. Akavuta upande wa pili, zikaachana kimya.

Jioni nilifunga hivyo hivyo karatasi za safu hii ninayoandika gazetini. Zimekataa kufunguka, hata kwa meno. Upande wa kukimbia nimeshaujua. Wa kuimba, bado.