Kebo ya Gia na Kiapo cha Shemeji

Mafundi sikuwaamini. Kosa lilianzia hapo, na ni langu. Gari langu dogo la otomatiki lilipogoma kubadili gia, liva ikichezacheza kama kijiko kwenye kikombe kitupu, niliwaza kwamba nikilipeleka gereji watatoa vifaa vizima na kunirudishia vibovu. Nikalipandisha jeki mwenyewe, hapo uani kwangu Naliendele, nikaingia chini.

Ubovu ulikuwa mdogo. Kebo inayotoka kwenye liva kwenda kwenye gia boksi ilikuwa imechomoka, maana bushi ya plastiki ya kwenye ncha yake ilikatika kwa joto. Nikachonga nyingine kwa soli ya kandambili, nikaipachika, nikakaza nati. Nilijisifu sana. Kweli, tangu siku hiyo gari halikuwaka mpaka niitikise liva kidogo, lakini niliona ni uzee tu, wake na wangu.

Siku chache baadaye nikaona jambo. Jioni naliacha gari mlangoni, liva kwenye P ya kuegesha, breki ya mkono nimeivuta. Asubuhi nalikuta limesogea hatua mbili upande wa mkorosho. Nani amelitoa? Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu. Kwao ni watu waliotoka Msumbiji, wanalima karibu na mto Ruvuma, lakini yeye alibaki kwangu tangu msiba, akinilimia mihogo na kunitania kutwa.

Nikaanza kuchunguza. Nilichora mstari mchangani mbele ya gurudumu. Asubuhi gurudumu limeuvuka. Ufunguo nililala nao chini ya mto, lakini nikajiambia funguo huchongwa. Nikawa nanusa viti. Nikatazama vumbi la viatu vyake.

Mwisho nikamuuliza kama anajua gari langu linakokwenda. Akacheka.

"Nalipeleka Madimba, shemeji. Nina mchumba kule, bodaboda hapandi."

Huo ni utani wa mashemeji, kila mtu wa huku anaujua. Mimi niliupokea kama maelezo ya mtu aliyekiri polisi. Dada yangu alipokuja kunijulia hali nikamsimulia. Akaniambia niache ujinga, huyo hata kuendesha hajui. Nikamjibu anajifanya hajui. Na mbele ya dada huyohuyo nikatoa msahafu kabatini, nikamtaka shemeji aape.

Hakubisha. Alikwenda kutawadha, akarudi miguu ikichuruzika maji, akaweka mkono.

"Wallahi, sijaligusa gari lako."

Kisha akatia nguo zake kwenye kiroba, akaenda zake shambani kwao. Dada naye aliondoka bila kuniaga.

Asubuhi ya pili gari lilikuwa limesogea tena.

Mchana huo nikaingia ndani yake, nikahakikisha liva iko kwenye P, nikaachia breki ya mkono. Likatembea nami humohumo. Nilipoingia chini nikaona kazi yangu: nati niliikaza mahali pasipo pake, kwa hiyo liva ikisoma P, gia boksi yenyewe ilikuwa imekwama kati ya P na R, haijafunga magurudumu. Gari lilishikwa na breki ya mkono peke yake, nayo imechoka. Ikipoa inalegea, na uwanja wangu una mteremko kidogo. Nikaweka liva kwenye N, nikasukuma mkono wa kwenye gia boksi hadi mwisho, nikaurudisha vituo viwili, nikakaza upya. Kazi ya robo saa, ambayo fundi yeyote angeifanya bila kunivunjia nyumba.

Kesho yake niliendesha hadi shambani kwao. Nilimkuta anamenya mihogo. Nikamweleza yote, bushi, nati, mteremko, nikamwomba radhi, nikamwomba arudi. Hakuacha kumenya.

"Nimekusamehe," alisema. "Ila kukaa kwako siwezi. Nitakutania vipi, nikijua utaniletea msahafu?"

Akanipa muhogo wa kuchemsha, tukala tukizungumzia mvua.

Huwa naenda kumtembelea. Hunipokea vizuri, hunitandikia mkeka, huniuliza magoti yanaendeleaje. Hajanitania hata mara moja.