Kisu Kilichovuka Ziwa

Nilipokuwa na miaka minane sikuwa na meno ya mbele, na kwa sababu ya meno hayo baba yangu ana vidole viwili tu kwenye mkono wa kulia. Nikisema hivi watu hucheka kwanza, halafu huniangalia usoni na kuuliza ilikuwaje.

Kwetu Masisi, Jumapili tulikuwa watu wa misa kama wengine wote. Ila kila mwaka, kabla ya kupanda maharagwe, ukoo wetu ulivuka kwenda kisiwani, katikati ya ziwa, kwenye kaburi la babu wa babu. Padri alijua, akafumba macho. Sisi watoto tuliipenda safari hiyo kuliko Noeli: mtumbwi, ndizi zilizojiivia, na miwa minene isiyokuwa na mwenyewe. Sharti lilikuwa moja tu, chuma kisivuke. Koko, ndivyo tulivyomwita bibi mzaa baba, alikaa ukingoni na kikapu, na kila mtu akaweka humo panga, wembe, hata pini ya nywele. Kuku wa kaburini alinyongwa kwa mkono.

"Kule kunalala wazee ya damu yetu," alituambia. "Chuma ikivuka, itatafuta ile damu."

Mwaka uliotangulia binamu zangu walimenya miwa kwa meno huku mimi nikiwatazama na mapengo yangu, nao wakanicheka. Safari hii sikukubali. Nilificha kisu kidogo cha kumenyea muhogo ndani ya kikapu cha viazi vitamu alichobeba Mama Furaha, mke wa baba yangu mdogo. Shangazi zangu walimwita mgeni, maana alitoka Mpofi, kule Walikale, na hakuwa na miezi sita kwetu. Mimi nilimpenda. Alinisuka nywele bila kunivuta.

Mwaka ule hatukwenda kwa ajili ya maharagwe tu. Baba na mdogo wake walikuwa wanagombania mpaka wa shamba, na Koko alitaka wapatane mbele ya kaburi. Wakakaa, wakapewa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, wanywe kibuyu kimoja. Nilidhani yamekwisha. Nikaenda nyuma ya kikapu cha viazi, nikamenya muwa wangu, nikala, kisu nikakiacha kwenye majani.

Sijui nani alitaja tena ule mpaka. Nilisikia kofi, kisha wakaanguka pamoja. Baba alimkalia mdogo wake kifuani, akampiga ngumi za mdomo mpaka damu ikamjaa kooni, kisha akamkaba. Wanaume walimvuta wakashindwa. Mkono wa baba mdogo ukawa unapapasa majani, ukakuta kisu. Alikata bila kuangalia: shavu, sikio, na baba alipoyashika makali, yeye akavuta. Vidole vitatu vikabaki vinaning'inia kwa ngozi. Baba mdogo alikimbilia majini, akaogelea hadi ng'ambo, na hatujamwona tena.

Koko hakulia. Aliuliza kwa sauti ya chini nani alivusha chuma.

Kisu kilikuwa kimeanguka kando ya kikapu cha Mama Furaha, na hilo likatosha. Shangazi zangu walimshukia kwa makasia. Walimpiga mgongoni, wakampiga kichwani, na alipoinua mkono kujikinga niliusikia ukivunjika. Aliniangalia mara moja. Nilikuwa na maji ya muwa kidevuni, na nilinyamaza. Siku hiyohiyo alifukuzwa, akashika njia ya Kashebere kurudi kwao, kwa miguu, mkono umefungwa kwa kitenge.

Kwa miaka mingi nilisubiri kisiwa kinitaje. Nikiumwa tumbo nilisema ndiyo hii. Hakikunitaja, na Koko alikufa akiamini kwamba mwenye kosa alikwisha kupatikana.

Mwaka jana nilimkuta Mama Furaha Kitshanga, kambini, ambako vita vilimtupa kama vilivyowatupa wengi. Alikuwa anauza sombe, majani ya muhogo, na mkono ule ulikuwa umeunga vibaya. Nilipiga magoti kwenye matope nikamwambia yote. Alinisikiliza huku akifunga mafungu ya majani.

"Nilikuonaka ukikiweka," akasema. "Kwetu Mpofi watoto wanatembeaka na visu. Sikuona ubaya."

Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja.

"Miye nilikuwa mukubwa, nilijua nitapona. Weye, wangekuua."

Nilirudi nyumbani nikawaambia ukweli. Baba alitoka nje. Shangazi mkubwa, mmoja wa walioshika kasia, alinituliza: nilikuwa mtoto, mizimu ilinitumia tu, alivyosema Koko ndivyo ilivyokuwa. Siwezi kubisha kwamba chuma kilivuka na damu ikamwagika. Lakini msamaha wa namna hiyo nimeukataa, maana ni rahisi mno, na shangazi anauhitaji kuliko mimi. Siku ile hakuna mzimu aliyenifunga mdomo. Nilikuwa na nafasi, mwanamke yule akiwa bado na mkono mzima, ya kusema "Ni mimi, Koko." Ni maneno matatu, na hata leo nikijaribu kuyasema peke yangu naishia kwenye la kwanza.