Kuku ya Kufuta Haya Yangu

Séphora, we mutoto unatumika ku dispansere, kahospitali ketu kadogo, unanichokesha. Tangu lini muntu anamupa mwanamuke muzee biki na kumuambia aandike haya yake, juu banamuke bengine benye kukuya kwako basomewe? Mukono yangu inajua mwiko ya kusonga bukari, ugali yetu, haijue biki. Masomo yangu iliisha ku mwaka ya tatu, baba akasema inatosha kwa mutoto mwanamuke. Lakini umeomba mara mingi, na sipende muntu aseme miye, Mwenya, niliogopa. Basi naandika. Kama herufi inaanguka, uiokote.

Niko nakaa Ruashi, mu nyumba yenye nilijenga miye mwenyewe, tofali kwa tofali, na feza ya samaki ya kukauka. Bwana yangu, muntu ya chemin de fer, kazi ya treni, alikufa nyumba haiyawekwa bati. Nilimalizia peke yangu. Ku soko banasemaka: "Ule mama, shingo yake haipinde." Ni kweli.

Mutoto yangu wa mwisho, Lydie, aliolewa na Lucien. Sasa banamuke, musikilize muzuri, juu bengine benu mulikulia mbele ya televizio na hamujue. Kwetu, mama mukwe na mukwe habaangaliane. Lucien akifika, anachutama ku mulango, anapiga mikono, anasalimia macho chini. Miye nageuza uso. Hatujakula pamoja hata siku moya. Haiko chuki, ni heshima. Na ilikuwa inanipendeza, mwanaume murefu vile kuchutama kwa ajili yangu!

Siku moya, muchana, Lucien alikuya kuniletea mufuko ya bunga, juu Lydie alikuwa na mimba, hakuweza kubeba. Yeye alikaa ku baraza, miye ku jikoni. Banaume batatu bakaingia na waya ku mabega, bakasema banakuya kutengeneza umeme. Bakafunga mulango. Bakamufunga Lucien mikono, bakamukokota mpaka jikoni.

"Mama, feza ya samaki iko wapi?"

Nikajibu: "Muulize samaki."

Shingo yangu ile! Moya wao akacheka, akasema bamama bazee banafichaka feza mu bikwembe, bitambaa yenye tunajifunga. Bakanivua bikwembe. Byote. Mbele ya mukwe yangu. Mukubwa wao akamushika Lucien kichwa, akamugeuzia kwangu: "Angalia mama mukwe yako! Angalia muzuri!" Kisha bakabeba feza na telefone, bakaenda.

Hapa niliacha biki, nikaenda kuosha masahani yenye ilikuwa safi.

Familia ikakutana. Baba André, ndugu ya bwana yangu, njo aliongoza. Banaume balikaa ku biti mu kiwanja, siye banamuke ku mukeka, nyuma ya jikoni. Bakamuuliza Lucien: unalala? Unakula? Hausikie nguvu kupunguka? Baba André akasema mukwe ameona kile macho ya mukwe haipashwe kuona, bahati yake inaweza kuharibika. Alete kuku ya mweupe na kikwembe mupya, mama apokee, haya ifutike. Lucien akaleta. Nikapokea, uso pembeni. Baba André akapiga mikono: "Imekwisha! Sasa tukule." Bakakula ile kuku. Miye njo niliipika.

Haikuisha. Nilianza kuvaa bikwembe bitatu, kimoya juu ya kingine, hata mu joto ya mwezi wa kumi. Nikaoga mpaka ngozi ikapasuka. Muntu akigonga mulango, najificha nyuma ya kitanda. Soko nikaacha. Munganga alinipa dawa ya tension, ile presha ya damu. Ku maombi bakasema ni roho ya bwana yangu ananisumbua. Masikini bwana yangu, hata kufa hakumutoshe!

Kisha mimba ya Lydie ikafika karibu. Mutoto wa kwanza, mama ya muzazi njo anakuyaka kumuosha, hapana mwingine. Lakini nyumba ya Lydie njo nyumba ya Lucien.

Lydie akaniuliza: "Mama, utakuya?"

"Muguu inaniuma."

"Jana ulifukuza mbuzi ya jirani mpaka ku barabara. Muguu gani?"

Nikashika ufagio. Akalia: "Uko unakataa mutoto yangu, mama. Sema tu."

Njo vile Lydie alinikokota ku dispansere, kwa Séphora, kasichana ka ku Kasai, ka sauti kadogo, kenye kusikilizaka bantu benye moyo inabasumbua.

Nikamuambia: "Miye siko kichaa. Na weye hata bwana hauna. Utanifundisha nini?"

Akacheka. "Kweli, mama, sina. Njo maana niko na wakati ya kukusikiliza."

Nikakaa, nipate kumushinda tu. Akauliza kintu kimoya: "Ile siku familia ilikaa, weye balikuuliza nini?"

Nikatafuta mu kichwa. Nikatafuta tena. Hapana. Balimuuliza Lucien kama analala. Miye baliniuliza kama chumvi iko ya kutosha.

Nilirudi kwake juma ingine, na ingine. Kisha nikamuita Baba André na Lucien, mu kiwanja yangu.

Baba André akasema: "Shemeji, ile maneno tulimaliza."

"Mulimaliza yenu."

Nikawapa mugongo, juu kuwaangalia sikuweza, na nikasema yote, mikono yao, macheko yao, mpaka mwisho. Nyuma yangu Lucien akaanza kulia.

"Mama, nilifunga macho. Balinipiga juu nilifunga macho. Sikuona kintu. Lakini nani angeniruhusu kusema ile maneno mbele ya mama mukwe?"

Nilifurahi, Mungu anajua. Furaha ikakaa kidogo, kisha nikasikia haya mupya, mubaya kupita ya kwanza. Kumbe kama angeangalia, ningekuwa muchafu? Bale batatu balifanya ile ile, macho ya Lucien ifunguke ao ifungike. Miye mwenyewe nilikuwa napima mwili yangu na macho ya mwanaume, sawa vile Baba André na kuku yake. Séphora anasema haya ni yao, haiko yangu. Kichwa inakubali. Mwili ingali inakataa.

Nilienda kumuosha mutoto. Ni mwanamuke, jina yake Abigaël. Lucien alitoka nyumba kwa heshima, kila asubui, mpaka nimalize. Nilimushika na mikono mbili mu mayi, sikumuangusha.

Sasa weye mwenye kukaa ku kile kiti kwa Séphora, unasomewa hii. Usiniambie "pole, mama." Pole nilishiba. Fungua kinywa, sema kile balikufanyia, hata kama unatupa mugongo sawa miye. Niko hapa, nimekaa ku mulango ya dispansere, na siondoke mpaka useme.