Msingi wa Duara

Iringa nzima inanijua. Shule niliikimbia mapema, lakini maduka mengi ya Mlandege yamesimama kwa mkono wangu, na ramani naisoma kuliko karani. Ndiyo maana mama mmoja wa Kizungu alinipa mimi kazi ya kumjengea nyumba, fundi wa Mbeya akabaki ananung'unika.

Wiki iliyopita, nikiwa nangojea ramani, dereva wake akaniletea karatasi nene iliyoviringishwa. "Mama kasema uitunze vizuri mpaka aje," akasema.

Nikaifungua. Duara jekundu, mraba mweusi umeliegemea, na ukingoni kwa penseli, 7/20. Nikasema basi, kina futi saba, upana ishirini. Tukaanza kuchimba.

"Bosi, mlango uko wapi?" akauliza Kikoti, mwashi wangu.

"Wazungu mlango huuweka mwisho. Chimba."

Jana mama akaja. Akauzunguka ule mtaro, nami naiona kazi inakwenda zake Mbeya.

"Fundi, ramani ninayo garini," akasema. "Ile karatasi ni picha ya ukutani. Zimechapwa ishirini tu, yangu ni ya saba. Nilitaka uitilie fremu."

Kikoti akakohoa. Mama akacheka mpaka akakaa juu ya kifusi. "Bahati hujaweka tofali. Mraba ufukie, kwenye duara nitapanda maua. Kazi bado ni yako."

Nikashusha pumzi, nikamkabidhi picha yake kwa mikono miwili. Akaitazama, akaigeuza.

"Tena ulikuwa unaisoma kichwa chini, miguu juu."