Mguu wa Kwanza

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi. Nimepita duka la Wavietnamu, nikanusa ubani wao na majani yaliyochemshwa, nikakumbuka fleti yetu ya zamani hapa Landani.

Jirani yetu alikuwa bibi wa Kivietnamu. Kwao, mtu wa kwanza kuingia nyumbani siku ya mwaka mpya ndiye anayeleta bahati ya mwaka mzima, kwa hiyo huchaguliwa mapema. Mume wake alikuwa mgonjwa, hainuki kitandani. Bibi akaja kuniomba mimi, mtoto niliyetoka hospitali juzijuzi na pumu yangu.

"Huyu?" kaka akacheka. "Bibi, mtakohoa mwaka mzima."

"Ugonjwa umepigana naye, na ameushinda," bibi akasema. "Namtaka huyu huyu."

Mama akanivalisha gauni la Idi. Nikavuka kizingiti kwa mguu wa kulia, kama tulivyofunzwa sisi, nikawatakia heri. Yule mzee akainua kichwa kwenye mto, akanipungia mkono.

Mwaka uliofuata mlango aliufungua yeye mwenyewe, amesimama wima. "Ingia, mguu wetu," akaniambia.

Kama alipona kwa mguu wangu au kwa dawa, sijui. Kusema haki, daktari wake alifanya kazi kubwa kuliko mimi. Lakini nilirudi kwetu nimeinua kidevu, na kaka akanipisha.

Jioni ile tulikula mkate wao wa wali wa kunata na choroko, ambao bibi alitupikia wetu kando, bila nguruwe. Kipande cha kwanza nilipewa mimi.